Ramani imesema kijani, mjomba anaona udongo: upofu wa rangi na ramani tunazotumiana

Kila masika na vuli zikikaribia magrupu ya WhatsApp yanajaa ramani. Ya utabiri wa mvua, ya mafuriko, ya ukame, ya malisho, alafu chini yake ubishi unaanza: sisi tuko wapi hapo, mbona huku kwetu kijani na jana mlisema kiangazi, hiyo nyekundu ni joto au ni mvua kubwa? Wengi tunadhani shida ni watu kutojua kusoma ramani, na mara nyingi ni kweli. Lakini humohumo kwenye grupu kuna mtu anayejua kusoma ramani vizuri kabisa na bado haimwambii kitu, manake zile rangi mbili zilizowekwa kutofautisha mvua nyingi na mvua kidogo, kwa macho yake ni rangi moja.

Mi nimelijua hili kwa mjomba wangu, mdogo wake mama, analima mpunga bonde la Kilombero. Kazi yangu ni kuchora ramani kwa kompyuta, kwa hiyo kwenye ukoo maswali yote ya ramani yanaletwa kwangu. Ramani ya msimu ilipozunguka kwenye grupu la familia akanipigia. Shikamoo mjomba, marahaba, habari za huko, alafu akauliza: "Mpwa wangu, sisi tuko kwenye rangi gani?" Nikamwambia kijani mjomba, mvua juu ya wastani. Akanyamaza kidogo. "Kijani ndo ipi? Mi naona yote udongo tu, huku udongo mkavu, kule udongo mbichi."

Huyu mtu amelima mpunga zaidi ya miaka 30. Nikamuuliza sasa mpunga ukiiva unajuaje, akaniambia mpunga hauangaliwi rangi, unaangaliwa suke limeinamaje, alafu unang'ata punje. Jibu hilo lishike, tutalirudia.

Tuanze na lenyewe. Upofu wa rangi ni hali ya jicho kushindwa kutenganisha baadhi ya rangi ambazo watu wengi wanazitenganisha bila kufikiri. Jina lenyewe linapotosha kidogo, manake neno upofu linamfanya mtu adhani mwenzake haoni kabisa au anaona nyeusi na nyeupe kama picha za zamani. Wapo wasioona rangi yoyote, ila ni wachache mno. Walio wengi wanaona rangi, anga kwao ni buluu na ndizi mbivu ni njano, ila kuna jozi zinawachanganya, na jozi kubwa ni nyekundu na kijani pamoja na majirani zake: kahawia na kijani, chungwa na kijani cha majani machanga, zambarau na buluu, waridi na kijivu.

Kwa nini jozi hiyo? Nyuma ya jicho tuna seli zinaitwa koni, za aina tatu, na kila aina inapokea sehemu yake ya mwanga. Fikiria redio tatu, kila moja imefungwa stesheni yake. Ya kwanza iko mbali peke yake, inapokea mwanga wa buluu. Mbili zilizobaki, ya kijani na ya nyekundu, stesheni zake ziko karibu sana hata kwa mtu mwenye macho ya kawaida, na ubongo unaijua nyekundu na kijani kwa kulinganisha hizo mbili: hii inasikika kwa nguvu kiasi gani kuliko ile. Sasa kwa mwenye upofu wa rangi wa kawaida, redio moja kati ya hizo mbili haipo kabisa, au ipo lakini imesogea ikakaribia ya mwenzake mpaka zote zinasema kitu kilekile. Ukilinganisha redio mbili zinazosema kitu kimoja hupati jibu. Ile ya buluu inafanya kazi kama kawaida, ndo maana buluu na njano kwa wengi wao hazina shida, na hii kitu itatufaa sana tukifika kwenye ramani.

Kuna tofauti nyingine ndogo yenye uzito. Asiye na koni ya nyekundu haoni nyekundu kama kijani tu, anaiona imefifia, nyekundu iliyokolea kwake inaelekea kwenye nyeusi. Yaani rangi ambayo dunia nzima imechagua kupigia kelele hatari ndo inayozimika kwake.

Hali hii inarithiwa, na njia yake kwenye ukoo inafurahisha ukiifuatilia. Maelekezo ya kutengeneza koni za nyekundu na kijani yako kwenye kromosomu ya X. Mwanamke ana X mbili, moja ikiwa na kasoro nyingine inafidia. Mwanaume ana X moja tu na ameipata kwa mama yake, ikiwa na kasoro hakuna ya kufidia. Kwa hiyo mtoto wa kiume hawezi kuirithi aina hii kwa baba yake, hata baba awe nayo. Inatoka kwa mama, ambaye mara nyingi mwenyewe anaona vizuri tu, naye kaipata kwa baba yake au kwa mama yake. Ukitaka kujua kama ipo kwenu, usihangaike na upande wa baba, waangalie wajomba na babu mzaa mama. Kwetu ndivyo ilivyo, mjomba anayo na kaka yangu anayo, mama hana na mi sina.

Ni watu wangapi? Kwa wenye asili ya Ulaya inakadiriwa ni kama wanaume 8 kati ya 100, na mwanamke 1 kati ya 200. Kwa Waafrika tafiti huwa zinatoa idadi ndogo zaidi, lakini hata wakiwa wawili au watatu kwa mia, kwenye mkutano wa kijiji wenye wanaume mia mbili umeshawaacha watu wanne mpaka sita wanaangalia ramani isiyosema nao. Na hawatanyoosha mkono. Kaka yangu amemaliza shule nzima bila mwalimu yeyote kujua, alikuwa anasoma majina kwenye penseli za rangi, penseli ikichongwa mpaka jina likaisha anaazima ya jirani.

Wa kwanza kuiandika hali hii kisayansi kwa kirefu aliiandika kwa kuyachunguza macho yake mwenyewe, mkemia Mwingereza John Dalton, mwaka 1794, mbele ya chama cha wasomi cha mji wa Manchester. Aliamini maji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya buluu inayochuja mwanga, akaagiza akifa macho yachunguzwe. Alifariki 1844, daktari akaangalia, maji meupe kabisa. Mabaki ya macho yakatunzwa na mwaka 1995 watafiti wakapima DNA yake, wakakuta koni ya kijani ndo iliyokosekana. Wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa hali hii wanaiita daltonisme, jina limetoka kwake. Na ile karatasi yenye vidoti vya rangi na namba imejificha katikati, ambayo watu wanakutana nayo kwenye vipimo vya udereva au usaili wa jeshi, ni kazi ya daktari Mjapani Shinobu Ishihara, ilitoka 1917.

Watu wananiambia si kuna miwani. Ipo, inachuja sehemu ya mwanga, na kwa baadhi inaongeza utofauti wa rangi fulani fulani, lakini hairudishi koni iliyokosekana, na mkulima hatanunua miwani ya bei mbaya ili asome ramani ya mvua. Wengine wanasema mtu afundishwe tu rangi azizoee. Haifundishiki, ni sawa na kumfundisha mtu asikie stesheni ambayo redio yake haina. Na lipo lile la taa za barabarani, kwamba mbona wanaendesha magari. Wanaendesha kwa sababu nyekundu iko juu na kijani iko chini, mahali ilipo taa panamwambia kila kitu hata rangi ikipotea. Taa ina njia mbili za kusema jambo moja, kama mpunga wa mjomba ulivyo na rangi na kuinama. Ramani nyingi tunazotumiana zina njia moja tu.

Sasa tuje kwenye ramani zenyewe. Ramani ya kisayansi haipakwi rangi ipendeze, kila rangi imesimama badala ya namba. Hapa milimita 50, hapa 200, hapa maji nusu mita, hapa mita mbili. Msomaji anatakiwa aangalie rangi arudi kwenye namba kupitia ule ufunguo wa pembeni. Ikivunjika safari hiyo kati ya rangi na namba, ramani imekuwa picha ya ukutani.

Kwa miaka mingi wanasayansi wametumia mpangilio wa upinde wa mvua: buluu iliyokolea, buluu ya maji, kijani, njano, chungwa, mpaka nyekundu iliyokolea. Unavutia, unaonekana wa kitaalamu, na programu nyingi ziliuweka kama chaguo la kwanza, mtu akichora bila kugusa setingi ndo unaotoka. Kwa mwenye upofu wa rangi sehemu ya kuanzia kijani mpaka nyekundu inakuwa shimo, nusu nzima ya namba inachanganyika. Lakini hata sisi wengine unatudanganya. Njano inang'aa kuliko zote na imekaa katikati, jicho linakimbilia pale kana kwamba ndo penye jambo wakati jambo liko mwishoni. Alafu penye kubadilika kutoka kijani kwenda njano unaona mpaka mkali, kama mvua imekatwa kwa kisu, kumbe kwenye data namba imepanda taratibu tu, hakuna mpaka wowote pale.

Na lipo tatizo la tatu, hili mi limenitokea mkononi mwangu. Nilichora ramani ya kina cha maji ya mafuriko kwa eneo dogo, nikatumia upinde wa mvua, buluu iliyokolea maji ya sentimita chache, nyekundu iliyokolea maji yanayozidi urefu wa mtu. Kwenye skrini ilikuwa safi. Ikapelekwa kwenye ofisi moja ya kata, printa ya rangi hakuna, ikapelekwa steshenari ikatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, ikabandikwa ukutani. Nilipofika nikasimama mbele yake mwili ukaisha nguvu. Buluu iliyokolea na nyekundu iliyokolea zote zimetoka kijivu kilekile cha giza, huwezi kuzitofautisha. Penye maji ya kifundo cha mguu na penye maji ya kumfunika mtu, rangi moja. Na katikati, penye njano, peupe kama pakavu. Mtu angeangalia ile karatasi akachagua pa kupitisha watoto.

Tangu siku hiyo kipimo changu cha kwanza ni fotokopi. Ramani ikitolewa fotokopi nyeusi na nyeupe ikabaki inasomeka, basi imejengwa juu ya weupe na weusi, juu ya mwangaza, na mwangaza wenye upofu wa rangi wanauona karibu kama mimi na wewe, ukiacha ile nyekundu inayofifia kwa baadhi yao. Na ukifikiria, Kiswahili kina vivumishi vya rangi vitatu tu vyenye mzizi wake: -eupe, -eusi, -ekundu. Rangi nyingine nyingi tumezichukua kwenye vitu, kijani kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, kijivu kwenye jivu, zambarau na chungwa kwenye matunda, manjano kwenye kiungo cha mchuzi. Viwili kati ya vile vitatu ni mwanga na giza. Anza hapo, rangi iwe nyongeza.

Duniani mabadiliko yameshaanza na yana watu wake. Cynthia Brewer, profesa wa jiografia wa chuo cha Penn State Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitoa ColorBrewer, zana ya bure mtandaoni inayokupa rangi za ramani na unaweza kuiambia ikuonyeshe zile tu zilizo salama kwa wenye upofu wa rangi. MATLAB, programu inayotumika sana na mainjinia, mwaka 2014 iliacha upinde wa mvua kama chaguo la kwanza. Matplotlib, ya kuchorea kwa lugha ya kompyuta ya Python, ikafuata kwenye toleo la 2.0 la Januari 2017, ikaweka viridis, mpangilio uliotengenezwa na Nathaniel Smith na Stéfan van der Walt: unaanza zambarau ya giza, unapita buluu na kijani, unaishia njano inayong'aa, na njia nzima mwangaza unapanda bila kurudi nyuma. Mwaka 2018 ikaja cividis, buluu kwenda njano tu, imepigiwa hesabu ili mwenye upofu wa rangi na asiye nao waone karibu kitu kilekile. Na mwaka 2020 Fabio Crameri na wenzake wakaandika kwenye jarida la Nature Communications kuwaomba wanasayansi waache upinde wa mvua kwa sababu unapotosha data.

Kuna mtu atasema basi nyekundu na kijani zipigwe marufuku. Hapana, shida ni pale zinapolingana mwangaza. Angalia mfumo wa IPC, ule wa viwango vya uhaba wa chakula ambao ulianzia Somalia mwaka 2004 na sasa unatumika nchi nyingi. Una ngazi tano: kijani hafifu sana, njano, chungwa, nyekundu, na nyekundu ya giza kwa ngazi ya njaa kuu. Zina kijani na zina nyekundu, lakini zimepangwa kutoka nyeupe kwenda giza, kila hatua imekolea kuliko ya nyuma yake. Itoe fotokopi, inasomeka kwa mpangilio. Nilimwonyesha mjomba moja ya ramani hizo, majina ya rangi hakuyapata yote ila alinionyesha kwa kidole wapi hali ni mbaya zaidi na hakukosea.

Linganisha na ramani za hali ya malisho zile za nyekundu mpaka kijani, nyekundu majani yamekauka kuliko kawaida, kijani yamestawi, na zote mbili zimekolea sawasawa. Mfugaji mwenye macho kama ya mjomba anaona kahawia mbili. Hizi ramani za pande mbili, za juu ya wastani na chini ya wastani, ndo ngumu zaidi, manake hapo katikati panatakiwa pawe peupe na pande zote mbili ziende kwenye giza, kwa hiyo kipimo cha fotokopi peke yake hakitoshi, pande zitafanana tu. Hapa inabidi ile redio ya buluu ifanye kazi: upande mmoja buluu, upande mwingine kahawia au chungwa, na sio kijani na kahawia. Alafu uongeze kitu kisicho rangi kabisa, upande wa ukame uwekewe mistari ya mshazari au vidoti, au alama ya kujumlisha na kutoa, au namba zenyewe ziandikwe pale pale juu ya eneo.

Kuandika juu ya eneo sio jambo jipya. Wanajiolojia wanafanya hivo siku nyingi, chukua ramani yoyote ya miamba utakuta kila kipande kina rangi yake na pia kina herufi zake ndani, kwa sababu aina za miamba ni nyingi na hakuna jicho la mtu yeyote linaloweza kutenganisha rangi arobaini. Ile herufi inamsaidia kila mtu. Vivyo hivyo kwenye ramani za vituo, zahanati iwe duara, shule pembetatu, kisima mraba, sio zote duara za rangi tofauti. Watazamaji wa mpira wanajua hii, mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia 2018 Urusi walivaa nyekundu na Saudi Arabia kijani, na wenye upofu wa rangi wakalalamika hawajui nani ana mpira.

Kwa anayechora, kujipima hakuna gharama. QGIS, programu ya kuchora ramani ambayo ni ya bure na vijana wengi wa ramani wanaitumia, ina sehemu ya kutazama ramani kama anavyoiona mwenye upofu wa rangi na pia kama fotokopi, unabonyeza tu. Ipo pia Color Oracle, ya bure, inageuza skrini nzima. Asiye na kompyuta aingie kwenye setingi za simu, sehemu ya ufikivu (Accessibility), simu nyingi zinakubali skrini iwe ya kijivu, afungue ramani yake hapo. Na anayeandika maelezo ya chini ya ramani asiandike tu "maeneo ya kijani yatapata mvua nyingi", ataje mikoa na wilaya kwa majina. Mtangazaji wa redio atamshukuru pia, manake redio haina rangi.

Ile ramani ya mafuriko niliichora upya. Buluu tupu, hafifu mpaka ya giza, ngazi nne tu badala ya kumi na mbili, na ufunguo sikuandika mita peke yake, niliandika kifundoni, magotini, kiunoni, juu ya kichwa, na maneno hayo hayo nikayaweka ndani ya ramani kwenye kila eneo. Kabla ya kuipeleka nikamtumia mjomba. Alikaa nayo kama robo saa alafu ikaja voisi, nyuma yake nasikia kuku: "Nimeona, mpwa wangu. Pale kivukoni umeandika magotini, sio kweli, pale mwaka jana yalinifika kifuani. Rekebisha kwanza hapo ndo uwapelekee."